NYAMA HAIMFIKII: MAANA YA KUMRIDHISHA MWENYEZI MUNGU KATIKA DINI NA HISTORIA

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, yako maneno mawili ambayo sisi Waswahili huyatamka kila siku pasi na kuyafikiria sana. La kwanza ni KAFARA na la pili ni RADHI. Yote mawili tumeyapokea kutoka katika Kiarabu, na yote mawili yana ndugu zake katika Kiebrania, lugha ya vitabu vya Mayahudi. Kafara asili yake ni kufunika: dhambi hufunikwa isionekane. Ndugu yake wa Kiebrania ndilo neno lililomo katika jina la sikukuu yao kubwa ya toba, Yom Kippur. Radhi ni kukubali na kupendezewa, na mzizi huo huo Mayahudi wanautumia wanapozungumzia kumtuliza aliyekasirika.

Lakini neno likisafiri hubadilika. Leo mtu akisema mtaani kwamba fulani "katolewa kafara", hakuna anayefahamu kwamba masikini kumi wamelishwa kwa sababu ya kiapo kilichovunjwa. Kinachofahamika ni kwamba damu imemwagika ili mwingine apate mali au cheo. Vipi neno la fiqhi linalohusu kulisha wenye njaa limefika hapo? Kulijibu swali hili inatubidi tutazame nyuma, tuone mataifa mbalimbali yalivyofahamu jambo la kumtuliza Mungu, au miungu yao, na ni kitu gani Uislamu umebadilisha.

Tutatumia kipimo kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho wa makala haya. Kila tutakapokuta sadaka au dhabihu tutauliza: kile kilichotolewa kimeishia wapi? Kimeliwa na nani, au kimepotea wapi? Jibu la swali hilo hueleza imani ya mtoaji kuliko maneno anayoyasema madhabahuni.

MIUNGU WENYE NJAA

Tuanze na Iraq ya kale, nchi ya Babeli na Ashuru. Katika masimulizi yao ya gharika, yaliyoandikwa katika vigae vya udongo, binadamu waliumbwa ili wawafanyie miungu kazi na kuwalisha. Gharika ilipowaangamiza watu, miungu wenyewe walishikwa na njaa, na aliyeokoka alipochoma sadaka yake walikimbilia harufu ya moshi. Kwa imani hiyo, makuhani walikuwa wakiandaa meza ya chakula mbele ya sanamu kila siku. Na baada ya mungu "kula", mabaki yalipelekwa kwa mfalme na watu wa hekalu.

Mungu mwenye njaa ana hasira pia, na hasira hiyo watu wa zama hizo waliisoma angani. Mwezi ukipatwa, wanajimu wa Ashuru walisema ni dalili ya kifo cha mfalme. Barua zilizobaki kutoka zama za mfalme Esarhaddon, aliyetawala kuanzia mwaka 681 hadi 669 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (A.S.), zinatueleza walivyofanya. Alitafutwa mtu asiye na thamani machoni pao, akavishwa nguo za mfalme na kukalishwa katika kiti cha enzi. Mfalme wa kweli alijificha, na katika barua hizo watumishi wake wakimwita "mkulima". Muda ukiisha, usiozidi siku 100, yule mfalme wa bandia aliuawa ili hukumu ya mbinguni iwe imetekelezwa, na mfalme wa kweli akarejea katika kiti chake.

Tuuweke mfano huu akilini kwani tutaurudia. Hapa mungu anadhaniwa kuwa ni mwenye nguvu, lakini pia ni mwenye kudanganyika. Na anayelipa gharama ya udanganyifu huo ni mnyonge.

CARTHAGE NA ROMA

Mtindo huo huo tunaukuta kaskazini ya Afrika, katika mji wa Carthage uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Mwanahistoria wa Kigiriki Diodorus anasimulia kwamba mwaka 310 K.K., mji huo ulipozingirwa na jeshi la Agathocles wa Sicily, wakubwa wa mji walijilaumu. Walisema kwamba zamani walikuwa wakimtolea mungu wao watoto wao wa kuwazaa, lakini baadaye wakawa wananunua watoto wa wengine kwa siri na kuwatoa badala ya wa kwao. Kwa hofu, wakachagua watoto 200 wa mabwana wakubwa na kuwatoa hadharani. Wanahistoria wa leo wanatofautiana juu ya ukubwa wa jambo hili, kwani Diodorus hakuwa mtu wa Carthage. Hata hivyo makaburi ya mji huo yenye mitungi ya majivu ya watoto wachanga yamechimbuliwa, na mjadala wake haujafungwa.

Warumi, waliokuja kuuteketeza mji wa Carthage mwaka 146 K.K., walipenda kujiona ni watu bora zaidi. Dini yao ilisimama juu ya kile walichokiita amani ya miungu: watu watekeleze ibada zao bila kosa, na miungu nao wailinde dola. Ulikuwa ni mkataba wa nipe nikupe. Lakini mwaka 216 K.K., baada ya Hannibal kuliangamiza jeshi lao katika vita vya Cannae, Warumi hao hao walizika watu wanne wakiwa hai katika soko la ng'ombe la Roma: Mgalia na mwanamke wa Kigalia, Mgiriki na mwanamke wa Kigiriki. Mwanahistoria wao Livy amelisimulia jambo hili kwa aibu. Baraza lao la Seneti halikupiga marufuku dhabihu ya watu mpaka mwaka 97 K.K.

Tukiuliza swali letu: kilichotolewa kimeishia wapi? Babeli kiliishia katika meza ya mfalme, Carthage katika moto, Roma chini ya ardhi. Hakuna masikini aliyeshiba wala aliyedhulumiwa aliyerejeshewa haki yake. Isitoshe, walioteketea walikuwa mateka, wageni na watoto, yaani wale wasiokuwa na wa kuwatetea.

MAYAHUDI: KUTOKA MADHABAHU HADI KWA JIRANI

Katika umma wa Nabii Musa (A.S.) sheria ya dhabihu ilikuwa pana, na makuhani walikuwa na kazi maalumu. Lakini katika vitabu vyao wenyewe zimo sauti za manabii zilizowakemea watu waliodhani kwamba moshi wa nyama unatosha. Hosea, Isaya na Mika, waliohubiri katika karne ya nane K.K., wote wana maneno makali juu ya mwenye kuleta mafahali madhabahuni ilhali anamdhulumu yatima na mjane. Katika Zaburi yamo mafundisho kwamba Mungu haoni njaa, kwani wanyama wote wa porini ni wake.

Mtihani mkubwa uliwafika mwaka 70 baada ya kuzaliwa Nabii Issa (A.S.), pale jeshi la Titus lilipolibomoa Hekalu la Jerusalem. Madhabahu hayapo tena. Je, toba nayo imekwisha? Mapokezi yao yanamtaja mwanachuoni Yohanan ben Zakkai, aliyekuwa akipita karibu na magofu hayo pamoja na mwanafunzi wake. Mwanafunzi akalia kwamba mahali pa kufutiwa dhambi pamebomoka. Mwalimu akamtuliza kwa kumwambia kwamba ipo njia nyingine iliyo sawa na ile, nayo ni kuwatendea watu wema. Na dalili yake akaitoa katika kitabu cha Hosea.

Wanachuoni waliomfuata walikwenda mbali zaidi. Katika Mishna, mkusanyiko wa sheria zao uliokamilishwa karibu na mwaka 200 B.K., imo kanuni kwamba siku ya Kippur husafisha makosa baina ya mja na Mola wake, ama makosa baina ya mtu na mwenziwe hayasafishwi mpaka amridhishe mwenziwe. Neno walilolitumia hapo la kumridhisha ndilo lile lenye mzizi wa radhi. Msomaji aliyesoma fiqhi yetu ataona mara moja kwamba jambo hili si geni kwake.

WAKRISTO: MZOZO JUU YA NENO MOJA

Wakristo walilichukua suala hili katika njia nyingine. Paulo, katika barua yake kwa Warumi, sura ya tatu, alimweleza Yesu kwa neno la Kigiriki, hilasterion. Wagiriki wa kipagani walitumia maneno ya mzizi huo kwa maana ya kumtuliza mungu aliyekasirika. Katika tafsiri ya Kigiriki ya vitabu vya Mayahudi, neno hilo hilo linatumika kwa kile kifuniko cha sanduku la agano kilichonyunyiziwa damu siku ya Kippur. Basi je, Paulo alikusudia kutuliza ghadhabu au kusafisha dhambi? Wanachuoni wao wenyewe wamezozana. Mwaka 1931 Mwingereza C. H. Dodd alishikilia kwamba maana ni kusafisha, na mwaka 1955 Leon Morris wa Australia akamjibu kwamba ghadhabu ya Mungu haiwezi kuondolewa katika maana ya neno hilo.

Kabla yao, Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza mwaka 1098 kitabu kilichoeleza kwamba dhambi ni deni la heshima ya Mungu, na mwanadamu hana uwezo wa kulilipa. Peter Abelard, aliyefariki mwaka 1142, aliona ni jambo zito kusema kwamba Mungu alihitaji damu ya asiye na hatia ndipo asamehe. Kwa hiyo si haki kusema kwamba Wakristo wote wanafahamu suala hili kwa namna moja.

Itikadi yetu inatofautiana nao katika msingi. Qur'an inafundisha kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (17:15), na kwamba Allah amejilazimisha Mwenyewe rehema (6:12). Msamaha Wake hausubiri kulipwa na mtu wa tatu. Lakini tukumbuke kwamba kuikanusha itikadi ya mwingine hakumzuii Muislamu kuingia katika kosa la Babeli kwa mlango wa nyuma, na jambo hilo tutaliona mbele.

MAKKA KABLA YA UISLAMU

Waarabu wa Jahiliya walimjua Allah, lakini walidai kwamba masanamu yao yanawakurubisha Kwake, kama Qur'an inavyotueleza (39:3). Katika mazao na mifugo waliweka fungu la Allah na fungu la washirika wao, na hata katika mgawanyo huo walifanya hila (6:136). Aya inayofuatia inataja jinsi walivyopambiwa kuwaua watoto wao.

Mpokezi wa sira Ibn Ishaq, aliyefariki karibu na mwaka 150 H (767), anasimulia habari iliyo maarufu sana kwetu. Abdul-Muttalib, babu yake Mtume (S.A.W.), alipokuwa akichimba kisima cha Zamzam na Makureshi wakimpinga, aliweka nadhiri kwamba akipata watoto wa kiume kumi watakaokua na kumlinda, atamchinja mmoja wao mbele ya Al-Kaaba. Walipotimia kumi alipiga kura kwa mishale mbele ya sanamu la Hubal, na kura ikamwangukia Abdullah. Makureshi wakamzuia. Wakaenda kwa mwanamke mtabiri, naye akawaelekeza wapige kura baina ya kijana na ngamia 10, na kila kura ikimwangukia kijana waongeze ngamia 10 wengine. Kura iliwaangukia ngamia walipofika 100. Wakachinjwa, na nyama ikaachwa bila ya kuzuiliwa mtu.

Katika kisa hiki mna mambo mawili pamoja. Liko la Jahiliya, nalo ni kudhani kwamba uhai wa mtoto ni sarafu ya kulipia fadhila za Mola. Na liko jambo linaloelekea kwenye nuru: watu wenyewe wameona vibaya, wakatafuta njia ya kumwokoa. Idadi hiyo ya ngamia 100 ndiyo iliyokuja kuthibiti katika sheria ya Kiislamu kuwa dia ya mtu aliyeuawa. Lakini tazama tofauti yake. Ngamia wa dia hawachinjwi mbele ya sanamu. Wanapewa familia ya marehemu.

MABADILIKO ALIYOYALETA MTUME (S.A.W.)

Mfasiri Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 H (1373), amenukuu mapokezi ya Ibn Jurayj kwamba watu wa Jahiliya walikuwa wakiipaka Al-Kaaba nyama na damu ya ngamia wao. Baadhi ya Sahaba wakasema kwamba wao wana haki zaidi ya kufanya hivyo. Ndipo ikashuka aya ya 37 ya Suratul-Hajj, inayobainisha kwamba nyama na damu za wanyama hao hazimfikii Allah, bali kinachomfikia ni ucha Mungu wa waja. Na aya iliyoitangulia inaamrisha nyama hiyo iliwe, na walishwe masikini aliyetulia asiyeomba na yule aombaye.

Hapa swali letu limejibiwa waziwazi. Nyama haiendi juu; inakwenda kwa jirani. Ndiyo maana katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, ni wajibu sehemu ya nyama ya udhhiya itolewe sadaka kwa masikini ikiwa mbichi. Na kama mnyama huyo amewekewa nadhiri, basi yote ni sadaka, mwenyewe haruhusiwi kula.

Tuziangalie sasa kafara za kisheria moja baada ya moja.

Kafara ya kiapo (5:89): kuwalisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa; asiyeweza afunge siku tatu.

Kafara ya kuua kwa kukosea (4:92): kumwacha huru mtumwa muumini, pamoja na dia kwa familia ya marehemu, asiyepata afunge miezi miwili mfululizo.

Kafara ya dhihari, yaani mume kumfananisha mkewe na mgongo wa mama yake (58:3-4): kumwacha huru mtumwa; asiyepata afunge miezi miwili; asiyeweza alishe masikini 60.

Anayewinda akiwa katika ihramu (5:95): mnyama mfano wa aliyemuua afikishwe Al-Kaaba, na nyama yake ni ya masikini wa Haram, au chakula kwa masikini, au funga.

Katika orodha yote hii hakuna kafara ambayo mali yake inatupwa, inazikwa au inaachwa ioze. Ama mwenye kosa anajizuia nafsi yake kwa kufunga, au yupo mtu wa damu na nyama anayenufaika: mwenye njaa, asiye na nguo, aliye utumwani, mfiwa. Hakuna pia kafara inayomhamishia mnyonge adhabu ya mwenye nguvu. Mfalme wa Ashuru alimtanguliza fukara afe badala yake. Sheria hii inamwambia mwenye mali amtangulize fukara katika kula.

Na kuhusu kupatwa kwa jua tunao ushahidi wa kihistoria. Mwaka 10 H (632) alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtu anayetafuta utukufu angenyamaza. Mtume (S.A.W.), pamoja na msiba uliomfika, alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Katika mapokezi ya Bukhari aliwaamrisha kuswali, kuomba dua na kutoa sadaka, na Asmaa (R.A.) amepokea kwamba waliamrishwa pia kuacha huru watumwa.

NADHIRI: SI BIASHARA NA MOLA

Mlango wa nadhiri ndio ambao fikra ya nipe nikupe hurudi kupitia kwake kwa urahisi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa nadhiri haileti kitu mbele wala haikirudishi nyuma, bali hutolewa kwayo mali ya bakhili. Na kwa Bibi Aisha (R.A.) imepokewa kwamba aliyeweka nadhiri ya kumuasi Allah asimuasi.

Mtume (S.A.W.) alimwona mzee anayekokotwa baina ya wanawe wawili, akaambiwa ameweka nadhiri ya kwenda Al-Kaaba kwa miguu. Akasema kwamba Allah hana haja na mtu huyu kujiadhibu, akamwamrisha apande mnyama. Mwingine, Abu Israil, aliweka nadhiri ya kusimama juani bila kukaa, bila kivuli, bila kusema, na afunge. Akaamrishwa aseme, akae, aingie kivulini, na aikamilishe funga yake. Mafaqihi wamechukua humo kanuni kubwa: ibada ilibakizwa, mateso yaliondolewa.

Na ile nadhiri ya Abdul-Muttalib ilijirudia baada ya Uislamu. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba mwanamke mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.), akamwambia ameweka nadhiri ya kumchinja mwanawe. Akamjibu asimchinje, na atoe kafara ya kiapo. Mzee mmoja aliyekuwapo akashangaa vipi jambo kama hilo liwe na kafara. Ibn Abbas akamkumbusha kwamba hata dhihari, ambayo ni neno ovu, Allah ameiwekea kafara. Mafaqihi walitofautiana baadaye: Abu Hanifa akasema achinje mbuzi au kondoo, na Imamu Shafii akasema nadhiri hiyo ni batili, haina chochote. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema itekelezwe. Karne moja tu kabla ya hapo, swali kama hilo lilipelekwa kwa mtabiri na mishale.

HABARI YA MTO NILE

Hapa tuseme kidogo juu ya kisa kinachopendwa sana na wahubiri wetu. Inasimuliwa kwamba Waislamu walipoifungua Misri, wenyeji walimwambia Amr bin Al-As (R.A.) kwamba mto Nile haujai mpaka utupiwe bikira aliyepambwa. Amr akakataa, na mto usijae, akamwandikia Umar (R.A.), naye akatuma karatasi itupwe mtoni, na mto ukajaa.

Kisa hiki kimepokewa na Ibn Abdul-Hakam, aliyefariki mwaka 257 H (871), katika kitabu chake cha ufunguzi wa Misri. Lakini sanadi yake ni dhaifu: imo njia ya Ibn Lahi'a, na ndani yake yumo mpokezi asiyetajwa jina. Isitoshe, Wamisri wa wakati huo walikuwa Wakristo wa Kikopti kwa karne kadhaa, na hakuna ushahidi mwingine kwamba walikuwa wakizamisha wasichana. Kwa hiyo haifai kukitaja kama tukio lililothibiti, wala kuwasingizia watu dhabihu wasiyoifanya. Uadilifu katika historia nao ni sehemu ya ucha Mungu.

Kilichothibiti ni kingine, nacho kinatosha. Katika ukame mkubwa wa mwaka 18 H (639), uliojulikana kama Mwaka wa Majivu, Umar (R.A.) hakutafuta wa kumtoa. Aliwaomba magavana wa mikoa walete chakula, akawalisha watu, yeye mwenyewe akajinyima samli na nyama, kisha akatoka na Abbas (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), kuomba mvua. Hivyo aliyejinyima ni mtawala mwenyewe, na waliolishwa ni raia.

PWANI YETU

Sasa turudi nyumbani. Katika miji ya kaskazini ya pwani kama Lamu, watafiti wameandika desturi ya zinguo: ng'ombe huzungushwa mjini huku Qur'an na dua zikisomwa, kisha huchinjwa. Sehemu nyingine sadaka ya Siku ya Mwaka hutolewa kwa ajili ya kuondoa balaa. Na ziko zile kafara za njia panda: yai, wali, ubani na sarafu, zinazoachwa usiku na mtu aliyeambiwa na mganga kwamba maradhi yake yatamrukia atakayezikanyaga.

Wanachuoni wetu hawakunyamaza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891-1947), katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah ya miaka ya 1930, aliandika kwa Kiswahili ili watu wa kawaida wapambanue baina ya dini na mazoea. Baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar (1912-1982) aliiendeleza kazi hiyo.

Sisi tunaona kwamba si vyema kuyatia mambo yote katika kapu moja. Abu Dawud amepokea kwamba mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (S.A.W.) hakumkubalia wala hakumkatalia kwa haraka. Aliuliza: je, palikuwa na sanamu la Jahiliya linaloabudiwa hapo? Je, palikuwa na sikukuu yao? Alipoambiwa hapana, akamruhusu. Basi nasi tuulize hivyo hivyo. Anatajwa nani wakati wa kuchinja? Inakusudiwa nini? Nyama anakula nani? Ikiwa ni sadaka kwa jina la Allah, wakala masikini wa mji na watu wakaomba dua, asili yake ni njema, japo kule kuzungusha hakuna dalili ya kisheria na kuamini kwamba duara lenyewe ndilo linalokinga ni hatari. Ama damu inayomwagwa kwa ajili ya jini au mzimu, hiyo ni shirki hata ikisomewa nini. Na kafara ya njia panda ni Ashuru tupu: maradhi yangu ayabebe mpita njia, ambaye huenda ni mtoto anayekwenda chuoni.

Fikra hiyo ikiachwa hukua. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Tanzania kuanzia miaka ya 2007 na 2008 yalitokana na imani kwamba viungo vya mtu vinaleta bahati. Mizani yake ni ile ile ya Carthage: anayetafuta mali hajitoi yeye, anamtoa asiye na mtetezi. Anayekubali kwamba yai la njia panda linahamisha balaa amekwisha kuikubali kanuni. Kilichobaki ni bei.

GHADHABU NA HAKI ZA WAJA

Huenda msomaji akauliza: je, Allah haghadhibiki? Na je, haikupokewa na Tirmidhi kwamba sadaka huzima ghadhabu ya Mola? Tunajibu kwamba ghadhabu imethibiti katika Qur'an, tunaiamini bila kuifananisha na hasira za viumbe. Ama hadithi hiyo, wako wanachuoni walioidhoofisha sanadi yake, lakini maana yake inakubaliana na tulichokieleza. Imetajwa sadaka, na sadaka ni haki inayomfikia mwenye haja. Mola haghadhibiki kwa njaa akatulia kwa kushiba.

Na liko deni ambalo kafara haiwezi kulifunika. Muslim amepokea kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Na amepokea habari ya muflisi wa umma huu, atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine; mema yake yatagawanywa kwa aliowadhulumu mpaka yaishe. Hivyo anayechinja fahali kila mwaka hali ya kuwa ameshikilia shamba la yatima au mshahara wa kijakazi wake, ajue kwamba radhi anayoitafuta mbinguni imezuiliwa mlangoni kwake mwenyewe.

HITIMISHO

Tumalize kwa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akisema ameangamia: amemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani. Akaulizwa: unaweza kumwacha huru mtumwa? Hapana. Kufunga miezi miwili mfululizo? Hapana. Kulisha masikini 60? Hapana. Akakaa. Punde likaletwa kapu la tende, Mtume (S.A.W.) akampa akaitoe sadaka. Yule mtu akasema kwamba hakuna nyumba masikini kuliko yake kati ya pande mbili za Madina. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana, akamwambia akawalishe watu wake.

Mkosaji alikuja akidhani ameangamia, akarudi nyumbani na kapu la tende. Tukirudia swali letu la mwanzo, kafara yake iliishia wapi? Iliishia kwa mkewe na watoto wake, waliokuwa na njaa. Kwa Mola ilipanda hofu yake, na ukweli wake wa kuja kukiri.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie tujue haki Zake na haki za waja Wake, na atuepushe na kuwatwisha wengine mizigo yetu. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.